Shajara ya mradi: jina la mgonjwa liandikwe kitandani

Februari, wiki ya pili

Kamati ya ubora ya hospitali imeridhia leo mradi huu, wa kuandika jina kwenye chupa ya damu kando ya kitanda cha mgonjwa badala ya kuliandika mezani, uanze katika wodi mbili, ya wanawake na ya watoto, kabla ya kufikishwa kwingine. Ninauratibu kwa upande wa maabara, na kwa upande wa uuguzi unaratibiwa na sista msimamizi wa wodi ya wanawake. Shajara hii nitaiandika kila panapokuwa na jambo la kuandikwa, ili wenzetu wa hospitali nyingine za Dodoma na Singida wanaofikiria kazi kama hii waone tulikopita. Takwimu zinabaki kwenye taarifa za kamati. Hapa nitaeleza utaratibu, vikwazo na sababu za maamuzi.

Kilichotufikisha hapa ni majibu ya picha kamili ya damu, yaani kipimo cha idadi na ukubwa wa chembe za damu. Mteknolojia wa zamu aliona kwamba mgonjwa ambaye juzi wastani wa ukubwa wa chembe zake nyekundu ulikuwa chini ya femtolita 70, leo amevuka 90, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ameongezewa damu. Chembe nyekundu huishi takribani siku 120, kwa hiyo wastani wa ukubwa wake hauwezi kupanda kiasi hicho ndani ya siku mbili. Badala ya kuyatoa majibu, alipiga simu wodini na kuomba damu nyingine, nayo ilipopimwa ikarudi kwenye kiwango cha juzi. Chupa ya kwanza ilikuwa na damu ya mama wa kitanda cha jirani.

Hakuna aliyedhurika, lakini kila aliyekuwa kwenye kikao alifahamu kwamba chupa ile yenye kifuniko cha zambarau ni ya aina ile ile tunayoitumia kupima kundi la damu. Tangu Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi ya damu mwaka 1901, inajulikana kwamba mtu wa kundi O huwa na kingamwili dhidi ya A na B hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani. Akipewa damu ya kundi A kwa sababu chupa iliyopimwa haikuwa yake, kingamwili hizo huanza kuzipasua chembe alizopewa papo hapo, na anaweza kupata mshtuko, figo zikashindwa kufanya kazi, na hata akafariki. Tena kosa la namna hiyo ni gumu kunaswa kwa kulinganisha majibu. Mgonjwa aliyefika kwetu kwa mara ya kwanza hana jibu la zamani, na kwa kuwa kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi nchini, si ajabu wagonjwa wawili waliobadilishiwa chupa wote wakawa O, na kosa likapita bila mtu kulijua.

Kila asubuhi tunaendesha sampuli za udhibiti kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa, na mkaguzi akija kututathmini kwa ISO 15189, viwango vya kimataifa vya maabara za tiba, tunamwonyesha majalada ya mashine kwa fahari. Mashine iliyohakikiwa vizuri haina namna ya kujua kwamba damu iliyowekewa ni ya mtu mwingine.

Februari, wiki ya mwisho

Tumekuwa wodini asubuhi kadhaa tukitazama tu, bila kumwelekeza mtu. Daktari anapomaliza raundi, fomu za vipimo hukusanywa kwenye meza ya wauguzi. Muuguzi huketi, hupanga chupa mbele yake, hunakili jina kutoka katika kila fomu, huzipanga chupa zote kwenye trei, ndipo anapoanza kupita kitanda hadi kitanda. Anapofika kitanda cha kwanza, trei tayari ina chupa tupu zenye majina ya wagonjwa wengi. Kuanzia hapo kosa halihitaji uzembe wa mtu. Inatosha muuguzi aitwe kutoka upande wa pili wa wodi wakati mkono wake unatafuta chupa.

Jambo la pili ni swali lenyewe. Muuguzi husimama na kuuliza, "Wewe ndiye Mama Neema?" Wodini hakukosekani akina Mama Neema wawili, na mgonjwa mwenye homa, aliyesafirishwa usiku kutoka kijiji cha Bahi, huitikia "ndiyo" kwa heshima kwa mtu aliyevaa sare nyeupe, hata kama hakusikia vizuri alichoulizwa. Kuna pia namba ya kitanda, ambayo wengi huitegemea. Wodi ikifurika, wagonjwa wawili hulala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, na mchana ndugu huwahamisha wenyewe ili mgonjwa wao awe karibu na dirisha.

Ingekuwa rahisi kuandika hapa kwamba wauguzi hawafuati mwongozo na kuishia hapo. Muuguzi mmoja alinionyesha tatizo kwa vitendo. Mkono wake wa kushoto ulibana pamba juu ya mshipa, wa kulia ulishika chupa iliyojaa, kabati la kitandani lilikuwa na chupa ya chai, bakuli la uji na kanga zilizokunjwa, na kalamu ilikuwa mezani, vitanda sita kutoka pale. "Niandikie wapi, kaka?" akaniuliza. Sikuwa na la kumjibu siku hiyo, na swali lake ndilo lililobadilisha mpango wa mradi. Mpango wa awali ulikuwa semina na mabango ukutani. Sasa bajeti ndogo tuliyopewa itaanzia kwenye mahali pa kuandikia.

Machi, wiki ya kwanza

Tumekubaliana juu ya vitambulisho viwili: majina matatu ya mgonjwa, na namba ya jalada aliyopewa mapokezi. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2007 kuhusu usalama wa wagonjwa, lilitaka vitumike vitambulisho visivyopungua viwili, namba ya chumba isiwe kimojawapo, na chupa za sampuli ziandikwe mbele ya mgonjwa. Kwa hiyo hatujabuni jambo jipya. Kazi yetu ni kulifanya liwezekane hapa.

Nchi nyingi hutumia tarehe ya kuzaliwa kama kitambulisho cha pili. Tuliijadili kwa muda mrefu na tukaiacha iwe ya kusaidia tu. Wazee wengi wanaotujia kutoka vijijini wanajua mwaka wao wa kuzaliwa kwa makadirio, na karani wa mapokezi asipopata tarehe huandika 1 Januari au 1 Julai ili mfumo umruhusu kuendelea. Ukifungua rejesta yetu utadhani nusu ya mkoa ilizaliwa siku hizo mbili. Majina nayo yana taabu yake: Esta wa kliniki ni Ester kwenye kadi ya bima na Esther kwenye barua ya rufaa kutoka zahanati, na Yohana wa kijijini amesajiliwa kuwa John. Hivyo jina litaandikwa kama lilivyosajiliwa mapokezi, herufi kwa herufi, na pale majina yanapotofautiana kidogo, namba ya jalada ndiyo itakayoamua. Namba isipolingana, damu haichukuliwi hadi mapokezi wamalize shauri hilo.

Machi, wiki ya pili

Tumeanza mazoezi ya kuuliza. Kanuni ni fupi: mgonjwa ndiye anayelitaja jina, muuguzi halitaji. Nilifuatana na muuguzi hadi kwa bibi mmoja aliyelazwa kwa upungufu wa damu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, nimekuja kuchukua damu. Naomba unitajie majina yako matatu."

"Si umeyashika hapo kwenye karatasi?"

"Ninayo, bibi, lakini nataka kuyasikia kutoka kwako, nisije nikakupa ugonjwa wa mwenzako."

Bibi akacheka, akayataja yote na la ukoo akaliongezea historia. Sentensi ile ya mwisho ya muuguzi haimo kwenye mwongozo wetu. Aliitunga mwenyewe, na tumeona tuwafundishe wengine, kwa sababu inajibu hoja iliyokuwa ikitusumbua, kwamba mgonjwa ataona hatujui hata tunamhudumia nani. Mgonjwa akielezwa sababu haoni kwamba amedharauliwa. Siku hizi wapo wanaomkumbusha muuguzi aliyesahau kuuliza.

Kwa wazee wasioelewa Kiswahili vizuri, aulize muuguzi anayejua Kigogo au Kirangi. Asipokuwepo, ndugu aliyeko kitandani ayataje majina bila kusomewa kwanza. Mgonjwa asiyejitambua na asiye na ndugu atatambuliwa kwa mkanda wa mkononi peke yake, na hilo liandikwe kwenye fomu.

Machi, wiki ya nne

Mikanda ya mkononi imefika. Wino wa kalamu tulizokuwa nazo unafutika kwa spiriti, hivyo tumenunua kalamu za wino usiofutika. Mkanda hukatwa mara kwa mara ili kupata nafasi ya kuweka kanula, kisha hubaki juu ya kabati au hufungwa kwenye chuma cha kitanda, ambako haumtambulishi mtu yeyote. Anayeukata ndiye atakayefunga mwingine kabla hajaondoka kitandani.

Aprili, wiki ya pili

Fundi wa karakana ya hospitali ametutengenezea trei zenye ubao mdogo pembeni, kiasi cha kuweka fomu moja na lebo, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isisafiri kwenda kwenye mfuko wa koti la daktari. Katika mradi mzima hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kilicholeta mabadiliko makubwa kuliko vyote.

Muuguzi sasa hufika kwa mgonjwa na fomu ya mgonjwa huyo peke yake pamoja na chupa zisizo na maandishi. Huuliza majina, huyalinganisha na fomu na mkanda, hufunga mpira mkononi, huchukua damu, hugeuza taratibu chupa zenye dawa ya kuzuia kuganda mara nane hadi kumi, kisha, kabla hajapiga hatua, huandika majina matatu, namba ya jalada, tarehe na saa, na kutia saini yake kwenye fomu. Baada ya hapo humwonyesha au kumsomea mgonjwa kilichoandikwa. Fomu ya mgonjwa mwingine haisogei mpaka chupa za huyu zimekaa mahali pake.

Tulibishana juu ya lebo. Wauguzi walisema, na ni kweli, kwamba kuandika juu ya chupa iliyojaa, yenye umbo la duara, huku umevaa glavu, ni kazi ngumu. Suluhisho ni lebo ya kubandika inayoandikwa ikiwa imelala juu ya ubao. Baada ya siku chache tukaona lebo zimeanza kuandikwa mezani mapema, "ili kuokoa muda". Ugonjwa ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma: lebo iliyokwisha kuandikwa na kungoja chupa ni hatari sawasawa na chupa iliyokwisha kuandikwa na kungoja damu. Sasa lebo tupu hukaa kwenye trei peke yake, na mezani hakuna lebo.

Malalamiko ya muda ni ya haki. Mzunguko wa asubuhi umekuwa mrefu, hasa pale muuguzi mmoja anapobeba wodi nzima. Tulipokaa na madaktari, tukagundua kwamba karibu damu yote ilichukuliwa alfajiri kwa mazoea tu, wakati vipimo vinavyohitaji mgonjwa awe hajala ni vichache, kama sukari ya kufunga. Tumeviacha hivyo vitangulie, na vilivyobaki vinachukuliwa kwa mafungu baada ya kifungua kinywa. Msongamano umepungua, na maabara nayo imepumua, kwa maana hatupokei tena rundo zima kwa wakati mmoja.

Mei, wiki ya kwanza

Kuanzia mwezi huu maabara inakataa chupa isiyo na jina, chupa ambayo jina lake halilingani na fomu, na chupa ya kundi la damu yenye upungufu wowote ule, hata wa herufi moja. Kila inayokataliwa inaingia kwenye daftari lake pamoja na sababu, na simu inapigwa wodini hapo hapo, kwani kukataa kimyakimya humwadhibu mgonjwa anayengoja majibu.

Jaribio la kwanza lilikuja jioni. Daktari alipiga simu kuhusu chupa iliyofika bila namba ya jalada, ya kupima kundi na kuoanisha damu, yaani kuhakikisha damu atakayoongezewa mgonjwa inapatana na yake. Mgonjwa alikuwa anaandaliwa kwa upasuaji. "Huyo ni wa kwangu, ninamjua, iandikeni tu namba," alisema, na sina shaka alimjua mgonjwa. Asichoweza kukijua, akiwa upande wa pili wa simu, ni damu ya nani iliyomo kwenye chupa. Mteknolojia alishikilia msimamo, akajitolea kwenda mwenyewe kuchukua damu nyingine, na ikapatikana kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Nimeomba uongozi utoe waraka, ili kijana wa zamu ya usiku asibaki peke yake akibishana na daktari bingwa.

Tumeacha mlango mmoja wazi. Sampuli isiyoweza kurudiwa kwa urahisi, kama maji ya uti wa mgongo, hupokelewa hata ikiwa na upungufu, mradi aliyeichukua aje maabara, aitambue, atie saini, na majibu yabebe maelezo ya kilichotokea. Mlango huo hauhusu kundi la damu kamwe.

Nyongeza kwa wanaolinganisha majibu ya leo na ya jana: si kila jibu la ajabu ni damu ya mtu mwingine. Potasiamu ikipanda kupita kiasi huku kalisi ikiwa imeshuka sana, inawezekana mtu amemimina damu kutoka chupa ya zambarau kwenda chupa nyingine, kwa sababu dawa iliyomo humo ina potasiamu na hufunga kalisi. Hiyo nayo ni kasoro, ila marekebisho yake ni mengine.

Mei, wiki ya tatu: watoto wachanga

Mtoto mchanga hatamki jina, na mara nyingi hana jina. Kwenye fomu huandikwa "mtoto wa" fulani, na damu ya mama na ya mtoto hufika maabara kwa pamoja zikiwa na jina moja, pengine na namba moja ya jalada, hasa mama anapokuwa na kundi la Rhesus hasi (chembe zake nyekundu hazina alama ya Rhesus) na tunataka kujua kundi la mtoto. Tumeamua kila mtoto apewe namba yake ya jalada anapozaliwa, wala asisubiri hadi alazwe, na afungwe mikanda miwili ya mguuni, kwa kuwa mmoja huvuka kisigino kirahisi.

Pacha ndio walitufanya tukae hadi magharibi. Jina la mama ni moja, tarehe ni moja, jinsia mara nyingi ni moja, na namba zao hufuatana kiasi kwamba tarakimu ya mwisho tu ndiyo inayotofautiana. Wazazi wengine huwataja Kulwa na Doto tangu siku ya kwanza, jambo linalotusaidia, mradi wote, mama na wauguzi, wakubaliane ni yupi. Mkunga mwandamizi alipendekeza tuandike "pacha wa kwanza" na "pacha wa pili" kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa maneno kamili na si kwa tarakimu, na damu zao zisichukuliwe kwa mfuatano bila mtu wa pili kusoma mikanda kwa sauti. Tumelipitisha kama alivyosema.

Juni, wiki ya pili: kundi la damu lisilolingana

Kitanda kimeanza kutengemaa, lakini tatizo lingine limejitokeza kwenye mfumo. Mgonjwa mmoja alipimwa akawa kundi B, wakati kumbukumbu zetu za zamani zilionyesha kundi O. Damu ilichukuliwa upya na watu wawili, na jibu likabaki B. Baada ya mazungumzo ya faragha na yasiyo ya vitisho, ilibainika kwamba mara ile ya kwanza aliyetibiwa alikuwa ndugu yake, kwa kutumia kadi yake ya bima. Mtu wa namna hiyo atataja majina matatu bila kukosea, maana amejiandaa. Swali zuri la muuguzi halimnasi.

Kinachoweza kumnasa ni sampuli ya pili, na kwa bahati dawa hiyo hiyo hutibu pia kosa la kubadilisha chupa. Nchini Uingereza, mpango wa kitaifa wa kufuatilia madhara ya kuongezewa damu, ujulikanao kama SHOT, umekuwa ukikusanya taarifa tangu mwaka 1996, na taarifa zake zimerudia kutaja mambo mawili katika visa vya damu ya mtu mwingine kwenye chupa: mgonjwa hakutambuliwa ipasavyo, au chupa haikuandikwa kitandani. Hospitali za huko zilipokea ushauri kwamba mgonjwa asiye na kundi lililothibitishwa achukuliwe damu mara mbili kwa nyakati tofauti kabla ya kupewa damu ya kundi lake.

Tumeichukua kanuni hiyo kwa sharti moja la nyongeza, kwamba chupa mbili zilizojazwa kwa mchomo mmoja zinahesabika kuwa moja. Nilionywa kwamba watu watajaza mbili kwa pamoja na kuificha ya pili mfukoni kwa saa moja, na onyo hilo halikutoka hewani. Kwa hiyo chupa ya pili hapewi mtu mpaka maabara iwe imepokea ya kwanza. Inatoka maabara yenyewe, ikiwa na kifuniko chenye rangi isiyopatikana wodini. Pale ambapo mgonjwa hawezi kungoja, anapewa damu ya kundi O hadi kundi lake lithibitishwe, na hapo ndipo tunapobanwa na akiba iliyopo, kwa sababu damu ya O ndiyo inayoombwa na kila wodi.

Julai, wiki ya tatu: tulipofikia

Wodi zote mbili zinaandika kitandani mchana. Usiku bado panalegea, kwa sababu taa za upande mmoja wa wodi ya wanawake ni hafifu na muuguzi hurudi mezani kufuata mwanga. Tumeomba taa ndogo za kubana kwenye trei. Mashine ya kuchapa lebo zenye msimbopau imejaribiwa na inafanya kazi vizuri umeme unapokuwepo. Sijaruhusu iwekwe kwenye meza ya wauguzi, kwa kuwa ingekuwa kiwanda cha lebo zinazongoja, na inayoweza kubebwa hadi kitandani ni ya bei nyingine kabisa.

Kitengo cha dharura kinaanza mwezi ujao. Majeruhi wa ajali za barabara ya Morogoro hufika kadhaa kwa mpigo, wengine bila fahamu wala ndugu, na mazoea yalikuwa kuwaandika wote "hajulikani". Mapokezi wametenga namba za dharura zilizokwisha kufungwa kwenye mikanda, ili majeruhi afungwe mkanda kabla ya kuchomwa sindano ya kwanza. Jina lake halisi likipatikana, damu iliyokwisha kuoanishwa itaendelea kutolewa kwa namba hiyo ya dharura mpaka sampuli mpya ipimwe. Wauguzi wa dharura wameomba trei zao ziwe na ndoano ya kutundika kwenye machela, na fundi wa karakana ameshachukua vipimo.